Umeme na Feni katika Kompyuta Ndogo Zilizomo Ndani ya Mitambo: Maelezo kwa Watumishi na Wananchi

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba makala ya safari hii yanahusu kifaa ambacho wengi wetu hukitegemea kila siku pasi na kukiona. Kifaa hicho ni kompyuta ndogo inayofichwa ndani ya mtambo mwengine. Haina meza wala kibodi, na mara nyingi haina hata kioo cha kutazamia. Imo ndani ya mashine za kukatia tiketi, vipimo vya maabara, vituo vya kupimia hali ya hewa, mitambo ya kusukuma maji na vinasa kumbukumbu vya majokofu ya dawa. Kwa kuwa haionekani, hukumbukwa siku inapokufa tu, na siku hiyo mara nyingi huwa tumeshachelewa.

Mambo mawili ndiyo yanayoiua kompyuta ya namna hii kabla ya wakati wake: umeme unaoingia na kutoka bila ya utaratibu, na joto lisilopata njia ya kutoka. Watengenezaji wameziwekea kompyuta hizi nyenzo za kujilinda na mambo yote mawili. Lakini nyenzo hizo zinahitaji kujulikana, kuchaguliwa wakati wa kununua, na kupangwa sawasawa wakati wa kufunga mtambo. Madhumuni ya makala haya ni kuzieleza kwa lugha nyepesi, ili mkuu wa afisi, mtunza ghala, muuguzi na fundi wote wawe na msemo mmoja.

Mfano wa jokofu la dawa

Tuchukue mfano wa kituo cha afya chenye jokofu la dawa. Ndani ya jokofu hilo mna oksitosini, dawa anayochomwa mama anapojifungua ili asitokwe na damu nyingi. Dawa hii hutakiwa kuhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Ikikaa kwenye joto kwa muda mrefu nguvu yake hupungua, ilhali rangi yake haibadiliki na chupa yake haioneshi dalili yoyote. Kwa sababu hiyo jokofu limefungiwa kompyuta ndogo inayonasa joto kila baada ya dakika chache na kuweka kumbukumbu.

Ijumaa jioni umeme unakatika. Jumamosi mchana unarudi. Jokofu linaanza kuunguruma lenyewe, kwani swichi yake ya joto ni ya kawaida na haihitaji kuamriwa. Kompyuta, hata hivyo, imepangwa ibaki imezimwa baada ya umeme kukatika mpaka mtu aje abonyeze kitufe. Jumatatu asubuhi muuguzi anafungua jokofu na kukuta nyuzi 5. Taa inawaka, na kila kitu kinaonekana kizuri. Lakini hakuna kumbukumbu hata moja kuanzia Ijumaa. Joto lilipanda hadi wapi? Lilikaa huko kwa saa ngapi? Hakuna ajuaye. Muuguzi yule hana budi kuchagua baina ya kutupa dawa ambayo pengine ni nzima, na kumchoma mzazi dawa ambayo pengine imekufa.

Kosa hapa si la muuguzi, na wala si la umeme peke yake. Kosa limo katika mstari mmoja wa mipangilio ya kompyuta ambao hakuna aliyeutazama siku ya kufunga mtambo. Hilo ndilo linalotufanya tulieleze jambo hili kwa kirefu.

Moduli na bodi inayoibeba

Kompyuta nyingi za ndani ya mitambo siku hizi hutengenezwa kwa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni moduli, yaani kibao kidogo chenye prosesa na kumbukumbu. Sehemu ya pili ni bodi ya kubebea, ambayo ndiyo yenye soketi za nyaya, sehemu ya kuingizia umeme, na vitu vyote vinavyohusu kazi ya mtambo wenyewe. Moduli huchomekwa juu ya bodi. Inapoharibika au kupitwa na wakati, huchomolewa na kuwekwa nyengine bila ya kuutupa mtambo mzima.

Ili moduli ya kiwanda kimoja iingie katika bodi ya kiwanda kingine, lazima pawepo makubaliano. Mojawapo ya makubaliano yanayotumika sana ni COM Express, yaliyotolewa mwaka 2005 na jumuiya ya watengenezaji iitwayo PICMG. Moduli ya ukubwa wake wa kawaida ina milimita 125 kwa 95, na ndogo yake kabisa ina milimita 84 kwa 55. Kuna pia moduli za Raspberry Pi kutoka Uingereza. Ile ya Compute Module 4, iliyotoka mwaka 2020, ina milimita 55 kwa 40, na ndugu yake, Compute Module 5, ilitoka mwaka 2024.

Katika makubaliano hayo, baadhi ya pini hazibebi data. Kazi yake ni kupeleka habari za umeme na joto baina ya moduli na bodi. Ipo pini ya kitufe cha kuwashia, ipo ya kuarifu kwamba umeme umeshatulia, ipo ya kusema betri imekaribia kwisha, ipo ya kuonya kwamba joto limezidi, na zipo za kuendesha feni na kusikiliza inavyozunguka. Mtu anayenunua mtambo anaweza kuuliza: je, bodi hii imeziunganisha pini hizo, au zimeachwa tupu? Bodi za bei rahisi huziacha tupu, na hapo moduli huwa na kinga ambayo haiwezi kuitumia.

Daraja za kuwaka, kulala na kuzimika

Watu wengi hudhani kompyuta ina hali mbili tu: imewaka au imezimwa. Hali halisi ni zaidi ya hapo. Mwaka 1992 kampuni za Intel na Microsoft zilitoa utaratibu wa mwanzo wa kusimamia umeme katika kompyuta, uitwao APM. Mwezi wa Disemba 1996 kampuni hizo mbili pamoja na Toshiba zikatoa utaratibu mpana zaidi uitwao ACPI, ambao kwa masahihisho mengi ungali unatumika katika kompyuta za aina hiyo. Utaratibu huo umeziita hali za kompyuta kwa herufi na tarakimu.

S0 ni hali ya kuwa macho na kufanya kazi. S3 ni usingizi: prosesa imezimwa, lakini kumbukumbu ya kazi inaendelea kulishwa umeme kidogo, na kwa hiyo kompyuta huamka kwa muda mfupi sana. S4 ni usingizi mzito: yote yaliyokuwemo katika kumbukumbu ya kazi huandikwa katika diski, kisha umeme huondolewa. S5 ni kuzimwa kwa utaratibu. Hata katika S5, ikiwa waya wa umeme umo ukutani, mara nyingi huwapo umeme mdogo wa kukesha, kwa kawaida wa volti 5, unaosubiri kitufe kibonyezwe. Ndiyo maana fundi mwangalifu haingizi mkono ndani ya mtambo mpaka awe ameuchomoa waya wenyewe.

Kitufe cha kuwashia nacho kina adabu yake. Kukigusa kidogo ni kama kubisha hodi: kompyuta husikia, hufunga kazi zake, hisabu zake huziandika, kisha hujizima. Kukishikilia kwa muda wa sekunde 4 au zaidi ni kama kuvunja mlango: umeme hukatwa papo hapo, iwe kazi imekwisha au haijesha. Watumishi wanaombwa wasitumie njia hii ya pili ila pale ambapo mashine imeganda kabisa na haiitiki.

Umeme unapokatika na unaporudi

Sote tunakumbuka yaliyotupata. Mwezi wa Mei 2008 umeme wa Unguja ulikatika na kukaa takriban mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hiyo haukurudi hadi Machi 2010. Tangu hapo Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari mwaka 2010, na Unguja ikapata waya wa pili kutoka Bara mwaka 2013. Hata hivyo, hakuna mtandao wa umeme duniani usiokatika, na mtambo unaofungwa katika visiwa hivi lazima ufungwe kwa kutarajia kwamba umeme utakatika.

Kompyuta nyingi za moduli zina mpangilio unaouliza swali moja: umeme ukirudi baada ya kukatika, nifanye nini? Majibu huwa matatu. La kwanza ni *baki umezimwa*. La pili ni *waka*. La tatu ni *rudi katika hali uliyokuwa nayo*. Jibu la kwanza linafaa kompyuta ya mezani ambayo ina mtu wa kuiwasha. Kwa mtambo usio na mtu wa kuushughulikia usiku na siku za mapumziko, jibu linalofaa ni la pili. Jibu la tatu linaonekana la busara, lakini lina mtego: ikiwa kompyuta ilikuwa imeshaanza kujizima kwa utaratibu wakati umeme unakatika, itakumbuka kwamba ilikuwa imezimwa, na itabaki hivyo hivyo. Moduli za Raspberry Pi kwa kawaida huwaka zenyewe mara zinapopata umeme, lakini mpangilio huo unaweza kubadilishwa, na kwa hiyo nazo zikaguliwe.

Kuwaka tu hakutoshi. Umeme unaporudi mara nyingi huja, ukaondoka, ukaja tena, na huenda volti zake zikawa chini au juu ya kiasi. Kompyuta inayowaka na kuzimika mara tano katika dakika moja huharibika kuliko ile iliyozimika mara moja. Dawa yake ni kuchelewesha: bodi iliyobuniwa vizuri husubiri mpaka umeme utulie ndipo iiarifu moduli kwamba sasa inaweza kuamka. Palipo na mashine ya akiba ya betri, inafaa ipangwe isiruhusu kompyuta kuwaka mpaka betri ipate chaji ya kutosha kuizima tena kwa utaratibu.

Jambo jengine ni upungufu wa volti. Moduli inayotaka volti 5 haitaki 4 na nusu. Raspberry Pi, mathalani, hutoa onyo volti zinaposhuka hadi takriban 4.63. Mara nyingi onyo hilo halisababishwi na umeme wa mtaani, bali na kigeuza umeme dhaifu au waya mwembamba na mrefu kupita kiasi. Watumishi wasilidharau onyo hilo. Kompyuta yenye njaa ya umeme haifi mara moja. Huanza kukosea, na kumbukumbu iliyokosewa ni mbaya kuliko kumbukumbu iliyokosekana, kwa kuwa ya mwanzo huaminiwa.

Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika katika kadi yake ya kumbukumbu, ukurasa mmoja unaweza kubaki nusu. Na ikiwa ukurasa huo ndio fahirisi ya kumbukumbu zote, basi daftari zima halisomeki. Ndiyo maana ikawekwa pini ya kuarifu betri inapokaribia kwisha. Betri ndogo inayotoa dakika mbili tu inatosha, ilimradi kompyuta imepangwa kuusikiliza ujumbe huo, kufunga daftari lake na kulala. Betri kubwa ambayo haizungumzi na kompyuta hurefusha muda tu, na mwisho wake ni ule ule.

Vitu viwili vidogo vikamilishe sehemu hii. Cha kwanza ni betri ya saa, ile ya mviringo mfano wa sarafu, ambayo mara nyingi huwa ya aina ya CR2032 ya volti 3. Hiyo ndiyo inayoifanya kompyuta ijue tarehe na saa hata umeme ukiondoka. Ikiisha, kumbukumbu zitaandikwa kwa tarehe ya uongo. Si kila moduli inayo, na kwa hiyo iulizwe. Cha pili ni mlinzi wa ndani. Huyu ni saa ndogo inayohesabu kurudi nyuma, na programu inatakiwa kuirudisha mwanzo kila baada ya sekunde kadhaa, kama mlinzi wa usiku anayetakiwa kugonga kengele ili ijulikane hajalala. Programu ikiganda, saa hufika sifuri, na kompyuta huwashwa upya bila ya kumngoja mtu. Katika mitambo mingi mlinzi huyu yumo, lakini hakuna aliyemwamsha.

Joto linavyozalika na linavyopunguzwa

Karibu umeme wote unaoingia katika prosesa hutoka ukiwa joto. Kiasi cha umeme unaotumika wakati wa kazi huenda sambamba na kasi ya prosesa, na pia na volti zake zikizidishwa kwa zenyewe. Kanuni hii ina faida kubwa. Tuseme prosesa inafanya kazi kwa volti 1.2, kisha kasi yake ikapunguzwa nusu na volti zikashushwa hadi 0.9. Kasi imebaki nusu, lakini umeme wa kazi umeshuka hadi takriban asilimia 28 ya ule wa mwanzo. Ndiyo sababu kompyuta za leo hupunguza kasi na volti kwa pamoja zinapokuwa hazina kazi kubwa.

Kwa hiyo kuna njia mbili za kushusha joto. Njia ya kwanza ni ya kimya: kompyuta hupunguza kasi yake. Njia ya pili ni ya kutumia nguvu: feni, au panka kama wengi wetu tunavyoiita, huzungushwa ili ipeleke hewa. Utaratibu wa ACPI humruhusu mtengenezaji kuweka viwango vya joto kwa kila njia. Ikiwa kiwango cha feni kipo chini, feni huanza kwanza na kasi ya kazi hulindwa. Ikiwa kiwango cha kupunguza kasi kipo chini, kompyuta hutulia kwanza, na umeme na kelele huokolewa. Kwa kinasa joto cha jokofu, ambacho kazi yake ni ndogo, njia ya kimya inatosha. Kwa mashine ya tiketi yenye foleni ndefu ya abiria bandarini, feni itangulie.

Juu ya viwango hivyo kipo kimoja cha mwisho, kiwango cha hatari, ambapo kompyuta hujizima yenyewe. Na ikiwa hata programu imeshindwa, prosesa nyingi zina kinga ya chuma chenyewe, inayokata umeme bila ya kumuuliza yeyote. Mashine inayojizima mara kwa mara wakati wa adhuhuri na kuwaka vizuri usiku haina jini. Inaomba hewa.

Feni ya nyaya nne

Feni nzuri ya kompyuta huwa na nyaya nne. Wa kwanza ni wa ardhi na wa pili ni wa umeme, ambao kwa feni nyingi ni wa volti 12. Wa tatu ni wa taarifa: katika kawaida iliyozoeleka, kila feni inapozunguka mara moja hutoa mapigo mawili kupitia waya huu. Kompyuta ikihesabu mapigo 100 katika sekunde moja, hujua feni inazunguka mara 50 kwa sekunde, yaani mara 3,000 kwa dakika. Waya wa nne ni wa amri. Humo hupita mapigo yapatayo 25,000 kwa sekunde, na upana wa kila pigo ndio unaoiambia feni iende kasi kiasi gani. Idadi hiyo ilichaguliwa makusudi. Sikio la binadamu husikia hadi mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na kwa hiyo feni hailii kama mbu.

Feni ya namna hiyo ina tabia moja ya kupendeza: waya wa amri ukikatika, huzunguka kwa kasi yake yote. Yaani ikikosa amri huchagua usalama. Feni ya nyaya mbili haina amri wala taarifa. Ikifa, hakuna anayejua mpaka mashine nayo ife.

Ili wasomaji wapate picha, tutaje mpangilio wa kawaida wa Raspberry Pi 5, kompyuta iliyotoka mwaka 2023. Chini ya nyuzi 50 feni husimama. Ikifika nyuzi 50 huanza kwa asilimia 30 ya nguvu. Nyuzi 60 huenda asilimia 50. Nyuzi 67.5 huenda asilimia 70, na nyuzi 75 huzunguka kwa ukamilifu wake. Joto likiendelea hadi nyuzi 80, kompyuta huanza kujipunguzia kasi, na kufikia nyuzi 85 hujibana zaidi. Inaposhuka, feni hairudi nyuma papo hapo, bali husubiri joto lipungue nyuzi 5 chini ya kiwango ilichopandia. Hekima yake ni ile ile ya boya la tangi la maji: lingekuwa linafungua bomba kwa kila kikombe kinachochotwa, lingechakaa kwa wiki moja.

Inafaa ijulikane pia kwamba umeme unaotumiwa na feni huongezeka kwa haraka kuliko kasi yake. Feni ikizunguka kwa nusu ya kasi, husukuma takriban nusu ya hewa, lakini hutumia kiasi cha thumuni moja tu ya umeme. Katika mtambo unaotumia jua na betri, tofauti hiyo si ndogo. Feni mbili za mwendo wa pole ni bora kuliko moja inayokimbia.

Hali ya visiwa vyetu

Mashine nyingi hujaribiwa katika vyumba vyenye kiyoyozi. Tuseme ndani ya sanduku prosesa huwa na nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Katika afisi ya nyuzi 22 itafika nyuzi 67, na hakuna tatizo. Ipeleke katika kibanda cha bati wakati wa kaskazi, humo ndani mna nyuzi 36, na itafika nyuzi 81. Mashine ni ile ile na kazi ni ile ile, lakini sasa imevuka mpaka. Kwa hiyo mtambo ujaribiwe mahali utakapokaa, na wakati wa joto. Kufaulu kwake mezani kwa muuzaji hakutoshi.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi. Feni inayoleta hewa ya kupozea huleta na chumvi hiyo juu ya bodi, pamoja na vumbi, sisimizi na mijusi wanaopenda ujoto wa mashine. Kwa mtambo wa ufukweni au gatini, yafaa lifikiriwe sanduku lililofungwa lisilo na feni, ambalo joto la moduli hupitishwa kwenye ukuta wa alumini wa sanduku lenyewe. Moduli yenye matumizi madogo ya umeme ndiyo inayofaa hapo. Pale feni isipoepukika, iwe na chujio, na chujio hilo lioshwe au libadilishwe. Chujio lililoziba ni baya kuliko kutokuwa na chujio.

Mafundi wana kanuni ya makisio kuhusu kapasita zenye majimaji zilizomo katika bodi: kila joto lake likipungua nyuzi 10, umri wake huongezeka karibu mara mbili. Maana yake ni kwamba kuhamisha sanduku kutoka dirisha la magharibi, linalopigwa na jua la alasiri, hadi ukuta wa kivulini kunaweza kuuongezea mtambo miaka, na kazi yenyewe ni ya skrubu nne.

Mambo yanayoshauriwa

Kwa wanaonunua mitambo kwa niaba ya Serikali, inashauriwa masuala yafuatayo yaandikwe katika maombi ya bei na yajibiwe kwa maandishi:

1. Umeme ukirudi, mtambo utawaka wenyewe? Utasubiri muda gani?
2. Bodi imeunganisha pini za betri, joto na feni?
3. Feni ni ya nyaya nne? Ikisimama, nani ataarifiwa, na kwa njia gani?
4. Mtambo unavumilia joto la hewa hadi nyuzi ngapi ukiwa umefungwa ndani ya sanduku lake?
5. Betri ya saa na feni hubadilishwaje, na vipuri vyake vinapatikana wapi?

Kwa wanaopokea mtambo, wasitie saini kabla ya kufanya majaribio matatu, ambayo kwa pamoja hayazidi saa moja. Kwanza, uchomolewe waya wa umeme ghafla, usubiriwe muda wa dakika kumi, urudishwe, na itazamwe kama mtambo umeamka wenyewe ukiwa na tarehe sahihi. Pili, umeme uchomolewe na kurudishwa haraka mara tatu mfululizo. Tatu, feni itolewe waya wake mtambo ukiwa kazini, na isikilizwe kama kuna onyo lolote. Majaribio haya yafanywe kabla ya dawa au data yoyote ya thamani kuwekwa humo.

Kwa wanaotumia mitambo kila siku, wasiweke majalada juu ya matundu ya hewa, wasifunike mashine kwa kitambaa ikiwa inafanya kazi, na wasitumie kitambaa chenye maji kusafishia. Anayepuliza vumbi kwa hewa ya nguvu aishike feni kwa kidole isizunguke, kwani feni inayozungushwa na upepo huzalisha umeme unaoweza kuidhuru bodi. Sauti ya feni ikibadilika, au ikinyamaza kabisa katika siku ya joto, fundi aarifiwe siku hiyo hiyo.

Hitimisho

Turudi kwa yule muuguzi wa asubuhi ya Jumatatu. Lau kama mpangilio mmoja ungekuwa umebadilishwa siku ya kufunga mtambo, na betri ndogo ya dakika chache ikawekwa, angekuta karatasi yenye majibu: umeme ulikatika saa kadhaa, joto lilifika nyuzi kadhaa, lilirudi chini saa kadhaa. Angejua la kufanya, na mama aliyelazwa chumba cha pili angechomwa dawa yenye nguvu yake kamili.

Mkuu wa afisi hahitaji kuwa fundi wa kompyuta ili auulize mtambo wake maswali mawili: umeme ukirudi utafanya nini, na feni ikisimama utamwambia nani? Wakuu wote wanaombwa kuyauliza maswali hayo kwa kila mtambo ulio chini ya dhamana yao, na kuyaandika majibu katika daftari la vifaa, ili atakayepokea kazi baada yao ayakute.